Mgeni Aliyekuja Kumchukua Mama

Juzi mkwe wangu alikuwa anasafisha chumba cha uani. Akatupa nje vikapu vilivyooza, debe lenye kutu na kamba moja kuukuu ya gome, akaniambia, "Mama, hivi vyote ni vya kuchoma. Panya wamezaana humo." Vikapu na debe nilimwachia. Kamba niliiokota, nikaipeleka puani kabla hata sijajua ninafanya nini. Baada ya miaka yote hiyo ilikuwa bado na harufu ya moshi, ya jasho la mtu, na ya samli kwa mbali, na mara nikajikuta nimekaa juu ya tembe letu, miguu inaning'inia, nangoja wageni wa Idi. Mkwe wangu alinitazama kwa wasiwasi. Nadhani anafikiri uzee umenianza.

Ninyi wenzangu mliolelewa kwenye matembe mnaijua raha ya lile paa la udongo. Mtama unaanikwa hapo, watoto wanacheza hapo, na mtu anayekuja unamwona akiwa bado mbali, hata kabla mbwa hawajamnusa. Letu lilikuwa upande wa Mtumba, kandokando ya njia waliyopita misafara ya zamani. Ilikuwa enzi za Wadachi, wakati reli yao imekwisha fika kwetu na inaendelea kuelekea bara. Mchana, upepo ukiwa mzuri, tulisikia nyundo za watu wa reli zikigonga vyuma.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na mbuzi. Ujana wake aliumaliza akifuatana na misafara, akarudi na vitu viwili ambavyo majirani hawakuwa navyo: Kiswahili na Uislamu. Mama alisilimu kwa ajili yake. Bibi, mama yake Baba, hakusilimu wala hakuwa na mpango huo, ila sikukuu ya Idi hakuikosa hata moja, kwa sababu ya nyama. Na si yeye tu. Idi ya kwetu ilikuwa ya watu wote wa pale, waliofunga na wasiofunga, na wale wasiofunga ndio waliofika mapema zaidi.

Mwaka ninaousema, Idi iliangukia kiangazi, maji yakiwa ya kuchimbua kwenye mchanga wa korongo. Na mwaka huo Mama alikuwa hasemi.

Mdogo wangu alikuwa amefariki wakati wa mvua, akiwa bado hajaanza kutambaa. Mama hakupiga yowe wakati wa kuzika. Alirudi nyumbani, akashika ufagio, akafagia ua wote, na tangu siku hiyo hakutoa sauti. Kazi alifanya zote. Alisaga, alipika, alichota maji. Akinitaka alipiga makofi mara moja, akanionyesha kwa kidevu. Wanawake wenzake walikuja wakambembeleza, wakalia mbele yake ili naye alie, yeye akawapa maji ya kunywa. Baba alimletea kaniki mpya. Aliikunja akaiweka.

Mimi tangu utoto nina ugonjwa wa kutaka kujua, na jambo hili lilinikosesha raha. Sauti ya Mama ilikwenda wapi? Niliikumbuka vizuri, ilikuwa na mkwaruzo kidogo mwishoni, na akimwita mbuzi hata wa jirani walikuja. Nilimtazama mdomoni akiwa amelala, nikidhani labda usiku inachungulia. Nilichungulia ndani ya vibuyu. Humo, ndani ya kibuyu kidogo kilichotundikwa juu ya kitanda chake, nikakuta shanga za buluu za mdogo wangu, zile alizokuwa akivaa kiunoni. Sauti sikuipata. Nikazirudisha shanga nilivyozikuta, nikanyamaza.

Siku chache kabla ya Idi nilikuwa nyuma ya kihenge, mahali pangu pa kusikilizia mambo ya wakubwa. Bibi alikuwa anamwambia Baba, "Nyumba isiyo na sauti ya mke imekwisha kuwa tupu. Ngoja ipite Idi. Akiwa bado hivi, wakija kumchukua usiwazuie."

Baba akauliza, "Na mtoto?"

"Mtoto ni wa hapa."

Leo najua walikuwa wanawasema wajomba zangu, kaka zake Mama, waliokuwa wametuma neno kwamba dada yao arudi kwao akatafutiwe dawa. Siku ile sikujua ni akina nani hao wanaokuja. Nilichoshika ni kwamba Mama atachukuliwa na mimi nitabaki. Sikumwuliza mtu, kwa kuwa ningeulizwa nilisikia wapi.

Sasa ikafika Idi yenyewe. Jua lilipochomoza Baba na wanaume wachache walisali uwanjani, vumbi likawapaka mapaji ya nyuso. Mbuzi wakachinjwa. Wanawake wa jirani wakaja na miko yao, ua ukajaa moshi na maneno, na katikati ya maneno yote hayo Mama alikuwa anakoroga chungu, kimya. Nikapanda juu ya tembe kulinda njia.

Wageni wengi niliwajua. Walifika langoni, wakasimama, wakatoa salamu yetu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na kungoja waitikiwe, kama watu wenye adabu. Ndipo nikamwona mtu mmoja peke yake anatokea upande wa reli. Alikuwa mfupi, mpana, mfuko begani, na kifuani amejivika kamba iliyokunjwa mara nyingi. Hakusimama langoni. Hakubisha hodi. Aliingia mpaka katikati ya ua, akatua mzigo wake kwa kishindo, akapaza sauti:

"Enyi Wagogo, wauza maji! Bwana wenu nimefika! Yuko wapi mtumwa wangu, yule mwenye masikio?"

Nikaganda. Baba alikuwa ametogwa masikio tangu ujana, ndewe zake zilining'inia karibu na mabega, lakini hakuna mtu aliyewahi kuzitaja mbele yake. Nikangoja achukue fimbo. Baba akatoka ndani, akainama, akasema kwa unyenyekevu, "Nipo, bwana wangu. Karibu nyumbani kwako."

"Yameongezeka urefu," yule mtu akasema, akizishika ndewe za Baba kwa vidole viwili na kuzipima. "Safari hii hatuhitaji zizi, mbuzi tutawafunga humu." Kisha akaketi juu ya kigoda cha Baba, kigoda ambacho hata kaka yake Baba hakukikalia, akanyoosha mkono hadi kwenye chungu cha jirani, akatoa ini na kulitia mdomoni. Watu wakacheka. Na mimi kicheko kile nilikijua. Askari wa Wadachi akipita na kiboko chake, watu wetu walichekacheka hivyo hivyo mpaka apite.

Kisha yule mtu akamgeukia Mama.

"Na huyu je? Ndiye mke wangu mliyenitunzia? Mbona hanisalimii? Basi leo namchukua. Jua halizami hapa, tumeondoka. Nimekuja na kamba yangu kabisa."

Mama hakuinua uso. Nilimwona Baba akimtazama, na tabasamu lake likafifia kidogo. Hiyo kwangu ilitosha kuwa ushahidi. Bibi alikuwa akitusimulia habari za siku za usichana wake, jinsi watu walivyokamatwa visimani na kukokotwa kwa kamba hadi pwani. Alisema mambo hayo yamekwisha. Nilishuka kwenye tembe nikimwona Bibi ametudanganya.

Nikamkuta amekaa kivulini na chupa yake ya ugoro.

"Bibi, yule mtu ni nani?"

"Masanja. Mnyamwezi. Alikuwa mpagazi na baba yako, sasa yuko kambi ya reli."

"Ni kweli anamchukua Mama?"

Bibi akavuta ugoro, akapiga chafya kwa raha. "Anamchukua. Hata mimi angenichukua, ila ananiona sina meno."

"Kwa nini Baba hamzuii?"

"Amzuieje? Ni haki yake."

Sasa hapo ndipo mnione ni mtoto wa namna gani. Mwingine angelia. Mimi nilikwenda kumtazama vizuri huyo mtu mwenye haki ya kumchukua mama yangu. Nilimzunguka. Mabega yake yalikuwa na sugu nene, ngozi imekauka kama ya goti la ng'ombe. Alikuwa anacheka na kila mtu na kumtukana kila mtu. Nikaigusa kamba yake.

"Hii ya nini?"

"Ya kumfungia mama yako. Naona kiuno chake kinene, sijui kama itatosha."

"Mnakwenda wapi?"

"Unyamwezi. Huko maji ni ya bure, mtoto. Babu zako walitufanya tulipe nguo kwa kila kibuyu, tena maji yenyewe matope."

"Wapo watoto huko?"

"Tele. Ila hawaulizi maswali."

Nikamwambia basi labda hawajaona cha kuuliza. Alinikodolea macho, kisha akafungua ule mfuko na kumwaga ungo mzima wa vitu vyeupe, vidogo, vyembamba. Nikajua ni mayai ya mchwa. Nikatafuta mchwa wenyewe. Ulikuwa mchele wa kwao, na mimi sikuwahi kuuona. Akausukuma ungo mbele ya Mama.

"Haya, wali wa Idi. Lakini sina imani na wewe. Wanawake wa Kigogo mnajua mlenda tu. Usije ukautia majivu!"

Mama alikuwa ameanza kuuchambua. Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Nilikuwa karibu, niliona. Kidole kimoja kilitikisika, kama mtu aliyeguswa usingizini, kisha kikaendelea kuokota mawe. Masanja naye aliona, maana aliacha kucheka, akamtazama Baba.

Nilikwenda ndani nikafanya mashauri peke yangu. Mama anaondoka, hilo limekwisha. Hasemi, kwa hiyo huko ugenini hataweza hata kuomba maji, yawe ya bure au ya kulipia. Ni lazima awe na mtu wa kumsemea. Na, nisiwafiche, nilitaka pia kuiona hiyo nchi yenye maji ya bure. Nikaitandaza ile kaniki mpya aliyoikunja, nikaweka ngozi yangu ya kulalia, na mwiko wake, kwa kuwa alikuwa hasongi vizuri kwa mwiko wa mtu mwingine. Kisha nikapanda kitandani, nikakishusha kile kibuyu kidogo, nikazitoa shanga. Nikafunga fundo.

Uani walikuwa wamekwisha kaa kwa makundi, wanangoja chakula. Harufu ya wali na samli ilikuwa imeshika kila pembe, harufu ngeni, tamu, watu wanameza mate na kuulizana. Nilikwenda moja kwa moja penye mzigo wa Masanja, nikakaa chini, nikauweka mzigo wangu kando ya wake. Nikaogopa watanisahau. Basi nikachukua ncha ya kamba, nikaizungusha kiunoni na kupiga fundo, kisha jingine juu yake.

Mama akatoka na sinia la wali. Akapita kundi la kwanza. Aliponiona akasimama.

"Nani amekufunga?"

Ilikuwa sauti kavu, yenye vumbi, lakini ule mkwaruzo wa mwishoni ulikuwepo. Mwanamke mmoja aliangusha kata yake. Mimi sikushangaa kama inavyotakiwa, maana nilikuwa na haraka ya kujibu.

"Nimejifunga mwenyewe. Twende wote."

Akatua sinia chini. Akapiga magoti, akafungua fundo la kaniki, akatoa ngozi, akatoa mwiko, halafu akaziona shanga. Masanja alikuwa anatazama miguu yake.

"Nimezichukua ili mtoto naye asibaki peke yake," nikamweleza.

Mama akalia. Alilia kwa sauti ya juu, kinywa wazi, kilio chote ambacho hakukilia makaburini, akanivuta pamoja na kamba yangu na kunibana kifuani hadi mbavu zikaniuma. Wanawake wakaanza kulia naye. Baba akageuka akatazama ukuta. Mimi niliogopa sana, nikijua nimeharibu sikukuu.

Kisha akajifuta pua kwa kaniki, akasimama, akamwelekea Masanja.

"Na wewe, punda wa Wadachi! Umebeba pembe, umebeba shaba, umebeba vyuma vya reli mpaka shingo imezama mwilini, na bado hujashiba mizigo, umekuja kunitaka na mimi? Utaniweza? Hata huyu mtoto humwezi! Maswali yake yatakuvunja mgongo hujafika Kilimatinde. Shika mfuko wako urudi kwenu mkalale na fisi. Na huo wali wako, nautia majivu, na utaula!"

Sijawahi tena kusikia watu wakicheka vile. Bibi alidondosha chupa ya ugoro. Masanja alijitupa chini kifudifudi, akapiga makofi polepole kama wafanyavyo kwao mbele ya wakubwa, akilia, "Nimeshindwa, mama, nimeshindwa, niachie roho yangu!" Alipoinua uso, mashavu yamelowa, na hayakuwa machozi ya kicheko peke yake. Na Mama alitia majivu kweli. Alichota mekoni, akanyunyiza juu ya fungu lake mbele ya watu wote. Masanja akala mpaka punje ya mwisho, akaomba aongezwe.

Jioni Baba ndiye aliyenieleza, akinifungua mafundo. Wanyamwezi ni watani wetu. Walipopita nchini kwetu na misafara tulizuiana njia, tukagombana, na ugomvi ulipokwisha ukaacha utani. Mtani anaingia bila hodi, anachukua anachotaka, anakutukana wewe na waliokuzaa, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Akaniambia pia kwamba alikwenda mwenyewe kambini kumwita. "Wote tulikuwa tunamwonea mama yako huruma," alisema. "Nikaona aje mtu ambaye hatamwonea huruma." Mtani ndiye anayeruhusiwa kugusa mahali ambapo ndugu wanaogopa kupagusa. Nilimwuliza, je, kama Mama angekasirika, Masanja angefanya nini. Baba akasema maswali yangu yangevunja mgongo hata wa reli.

Masanja alipoondoka aliniachia kamba. "Umejifunga mwenyewe," alisema, "kwa hiyo ni yako." Wajomba zangu walifika baada ya siku chache. Mama aliwapokea yeye mwenyewe langoni, akawaitikia salamu moja baada ya nyingine, akawapikia, akawauliza habari za kila mtu wa kwao mpaka wakachoka kujibu. Walirudi peke yao. Shanga alizirudisha kwenye kibuyu, lakini tangu hapo aliziacha nizishike nikitaka.

Masanja alikuja Idi zilizofuata, na kila mara matusi yalianza akiwa bado kwenye njia, Mama amepanda juu ya tembe kumwahi. Majirani walikuja kwa ajili hiyo kuliko hata nyama. Halafu siku moja, Wadachi wakiwa bado wapo, zikaja habari kwamba ameugua homa huko mbele ya reli na wamemrudisha kwa gari mpaka stesheni ya Dodoma. Baba alitangulia, akawa naye alipokata roho. Mama na mimi tulifika wenzake wamemaliza kuchimba kaburi, maiti imelazwa kando.

Mama alikuwa amefunga kitu ndani ya kaniki, na njia nzima hakuniambia ni nini. Alipita katikati ya wanaume wale, hakusalimia mtu, akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ndani. Mdachi mmoja wa reli aliyesimama pale na kofia mkononi akauliza kama huyu mwanamke ana wazimu. Mama akafungua kaniki, akatoa kamba, akaitikisa juu ya maiti.

"Masanja! Mwongo mkubwa wewe! Kila Idi unasema utanichukua, utanichukua. Kamba hii hapa nimekuletea. Mbona unaondoka peke yako?"

Wanyamwezi wakacheka huku wanalia, wakamsihi atoke, akakataa, mpaka wakampa haki yake ya mtani, kibaba cha mchele wa kwao. Ndipo akatoa miguu, wakamzika rafiki yao.

Tulirudi njiani bila neno, yeye mbele, mchele kichwani na kamba begani. Nilisikia nyayo zake na nyayo zangu tu. Nilikuwa mkubwa kidogo sasa, lakini hofu ile ya zamani ilinirudia, nikakimbia nikashika pindo la kaniki yake.

"Mama, utanyamaza tena?"

Akasimama. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Ninyamaze? Nikinyamaza mimi, Masanja atatukanwa na nani?"

Akaanza hapo hapo, na alimtukana njia nzima mpaka tukafika nyumbani.